Kiungo cha Kumi na Nne

Umeme uliotiwa ndani ya Pete siku ya ufunguzi ulikuwa bado unazunguka. Miaka kumi na moja, mwanawane, bila kusukumwa na mtu. Mchana mitambo ya jua ya Usangu iliuongezea, jioni jiji la Mbeya likachota la kuchota, lakini ule mkondo wa kwanza kabisa haukupungua hata chembe. Wageni walioletwa kushangaa walisimamishwa nyuma ya mstari mwekundu, wakaonyeshwa kibao cheusi kilichomwagiwa naitrojeni ya maji, kinafuka moshi wa baridi huku kikielea hewani juu ya reli ya sumaku. Kisha alichaguliwa mgeni mnene kuliko wote, akapandishwa juu ya kile kibao, naye akaelea. Watu walipiga makofi. Kila wiki walipiga makofi, na kila wiki Injinia Sekela Mwambene alipita pembeni yao amenuna, kwa sababu alijua jambo ambalo hakuna mgeni aliyeambiwa.

Hebu tueleze kwanza hiyo Pete ni kitu gani. Waya wa kawaida hubania umeme. Umeme ukipita unasuguana na waya, waya unapata moto. Ndivyo pasi inavyonyoosha nguo. Lakini wataalamu walichanganya niobi iliyochimbwa vilima vya Songwe na madini mengine manne, wakapata aloi ambayo, ikigandishwa hadi nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri, haibanii umeme hata kidogo. Vitabuni iliitwa kipitishi huru. Mafundi waliiita waya laini. Uviringishe waya huo, uunganishe ncha kwa ncha, uutumbukize kwenye naitrojeni ya maji, na umeme utazunguka humo mpaka kiama, ukizaa sumaku yenye nguvu za kutisha. Basi walichimba handaki la duara ndani ya mlima Loleza, mzunguko wa mita mia sita, wakaulaza waya humo. Jiji zima likaweka umeme wake pale, mtu anavyoweka maji kwenye simtanki.

Sasa, waya laini haukutoka kiwandani mrefu kiasi hicho. Ulikuja vipande arobaini, vikaungwa kwa mkono, na kila mahali pa kuungia paliitwa kiungo. Kiungo kibaya hubania umeme kidogo na kupata joto kidogo. Kidogo hicho ndicho balaa. Sehemu moja ya waya ikivuka kiwango chake cha baridi inarudi kuwa waya wa kawaida. Umeme wote unagonga hapo, joto linafumka, sehemu ya jirani nayo inageuka, na ndani ya sekunde chache Pete nzima inazimia. Ndivyo mafundi walivyosema: kuzimia. Naitrojeni inachemka yote kwa mkupuo, na lita moja yake inageuka kuwa lita mia saba za hewa. Hewa hiyo haina harufu, haiwashi, haikabi koo. Unaivuta vizuri tu, unaanguka.

Viungo vyote arobaini viliungwa na mtu mmoja, Mzee Ambakisye Mwaipopo, fundi mkuu. Na huyo Mzee Ambakisye alikuwa baba mkwe wa Sekela. Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipoanzia.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi yao: mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hasemi naye, hapiti njia aliyopo, hataji jina lake, na akimwona kwa mbali anajibanza. Ilikuwa heshima. Familia nyingi za mjini zilishaiacha, na baba wakwe wa siku hizi wanakula meza moja na wake za wanao na kubishana nao mpira. Mzee Ambakisye aliishikilia. Mwanzoni Sekela hakuona tabu, maana alilelewa Tukuyu na mama aliyeifuata desturi hiyo hadi kufa. Lakini mwaka wa tatu wa ndoa yake aliajiriwa pale mlimani kama injinia wa baridi, kazi yake kusoma vipimajoto vya viungo vyote. Kipimajoto cha kiungo cha kumi na nne kilikuwa kimekufa, akafunga kipya kwa mkono wake. Wiki hiyo hiyo aliona kiungo kinapanda joto. Akaandika taarifa.

"Mkamwana wangu hasemi nami," mzee alimwambia meneja mbele ya mafundi wote, na taarifa yenyewe hakuigusa. "Mnataka nivunje heshima ya nyumba yangu kwa ajili ya kijidigrii chake?"

Meneja Chaula, Mkinga wa Makete, mtu wa kuogopa kelele kuliko alivyoogopa kifo, alitafuta njia ya mkato. Kwanza alileta mashine-mjumbe. Kilikuwa kisanduku chenye kipaza sauti, kimoja mezani kwa Sekela, kingine kifuani kwa mzee. Ukikisemea, kinayasafisha maneno yako, kinaondoa matusi na kiburi, kisha kinayafikisha upande wa pili kwa sauti yake chenyewe. Kiliitwa Mjumbe, na kwa miaka sita mzee hakuwahi kuisikia sauti halisi ya mkamwana wake. Pili, kwa kuwa handaki lilikuwa na mlango mmoja tu, Chaula alifunga taa za kijani humo ndani. Sekela akigusisha kadi yake mlangoni, taa zinawaka handaki zima, na mzee anashuka ngazi tano kuingia chumba cha pampu, anajifungia humo mpaka mkamwana atoke na taa zizimike. Mafundi waliziita taa za mkamwana. Watu wazima hao, wenye vyeti ukutani!

Wala Sekela hakuwa malaika. Siku nyingine aliingia handakini bila shughuli yoyote, ili tu yule mzee mwenye magoti mabovu ashuke ngazi.

"Anakimbia vizuri siku hizi," alimwambia mumewe, Gwamaka, mwalimu wa hesabu. "Angekimbilia kiungo chake akakirekebishe, ningempigia makofi."

"Ni baba yangu, Sekela."

"Ni muongo."

Gwamaka aliinuka akaenda kuwaangalia mbuzi, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, kiungo cha kumi na nne kilipanda nyuzi tatu kwa mpigo. Hakijawahi. Waya laini ulizimia ukifika nyuzi mia moja themanini chini ya sifuri, na kiungo sasa kilikuwa mia moja na tisini. Sekela alipiga hesabu kwenye kiganja chake. Dakika ishirini, pengine kumi na tano. Mzee alikuwa zamu, ndani ya handaki.

"Mjumbe! Mwambie mzee kiungo chake kinakufa. Atoke humo sasa hivi, na asijifanye kiziwi."

Mjumbe aliyasafisha kwanza maneno hayo. Kisha Sekela akasikia ndani ya kisanduku chake, kwa mbali, kile cha mzee kikisema: "Baba, mkamwana wako anakusalimu kwa heshima. Anaomba, ukipata nafasi, ukitazame kiungo cha kumi na nne na upumzike nje."

Jibu likaja. "Baba anashukuru kwa salamu," Mjumbe alisema. "Anasema kiungo hicho kina umri mkubwa, na wewe u kijana."

Sekela alijua kabisa mzee alichosema hakikuwa hicho. Alikibamiza kisanduku mezani, akavunja kioo cha king'ora na kukivuta. Kelele zilijaa mlima, na Pete ikajikata na jiji. Mafundi walitoka mbio hadi uwanja wa magari, wakapanga mstari, wakahesabiwa. Walipaswa kuwa ishirini na wanne. Walikuwa ishirini na watatu.

"Umelizima jiji!" Chaula alimfokea. "Unajua mabasi-elea mangapi yamekaa chini huko Uyole kwa sababu yako?"

"Mzee yuko wapi?"

"Kamera inamwonyesha kwenye kiungo chake, na begi la vyombo. Anajaribu kukirekebisha." Chaula alijifuta uso. "Waokoaji wanakuja. Wewe simama hapo hapo."

Hakusimama. Alinyakua vinyago viwili vya hewa, kimoja akakivaa, kingine akakitia begani, akakimbia. Alichomoa pini ya nywele na hereni akizitupa njiani, maana chuma hakiingii mle ndani. Pete ingeweza kuinyofoa hereni pamoja na sikio. Mlangoni alifanya alichofanya kila siku ya kazi kwa miaka sita. Akagusisha kadi yake. Angeweza kuazima kadi ya Chaula, angeweza kuazima ya yeyote kati ya watu ishirini na watatu waliosimama pale. Hakuwaza.

Ndani, ukungu mweupe ulikuwa umefika magotini na ulikuwa unatiririka kuelekea kila mahali palipo chini. Vali za mabomba zilipiga mbinja. Sekela alikimbia akihesabu namba ukutani: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kwenye kumi na nne alikuta begi la vyombo vya shaba limefunguliwa, na spana imelala sakafuni. Mtu hakuwepo.

Akainua macho. Taa ya kijani ilikuwa inawaka juu yake.

Loo! Aliielewa yote kwa mara moja. Mzee alikuwa hapa, mahali ambapo pengine angepata dakika chache za kupumua. Ni yeye, Sekela, aliyemshusha kule chini kwa kadi yake, kwenye shimo ambalo baridi yote ya Pete ilikuwa inakwenda kulala.

Aliruka ngazi tano, akashika mpini wa mlango wa chumba cha pampu, akavuta. Mlango haukuja.

"Fungua!" alipiga kelele ndani ya kinyago. "Hewa imekwisha humo!"

"Mjumbe," ilisikika sauti ya mzee ndani, nzito, kama ya mlevi. "Mwambie huyo mwanamke aondoke mlangoni. Aende, taa izimike, nitatoka."

"Mkamwana," kisanduku kilisema huko huko ndani, kwa upole ule ule, "baba anakuomba upishe."

Sekela alipima. Kurudi hadi mlango wa nje ni mita mia mbili. Taa izimike, mzee aione, apande. Hana muda huo. Akatia mguu ukutani, akavuta kwa mikono miwili, na ndipo alipogundua kwamba mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Mzee alikuwa ameushikilia. Upande ule fundi wa miaka sitini na minane, upande huu injinia, kila mmoja anavuta mpini wake, na katikati yao sentimita tano za aluminiamu.

"Ambakisye!" Sekela alilitamka jina. Hakuwahi kulitamka maishani, hata akiwa peke yake. "Ambakisye Mwaipopo, achia mlango! Utakufa, mzee mjinga wewe!"

Mzee akavuta zaidi. Kisha nguvu ya upande wa pili ikapungua, ikapungua tena, mlango ukaja wenyewe. Kwa nukta moja Sekela alidhani ameshinda. Halafu aliona mkono wa mzee ukiteleza kutoka kwenye mpini, na mwili wake ukikunjika ndani ya ukungu.

Alimvalisha kinyago cha pili, akamshika makwapani, akamburuta ngazi moja baada ya nyingine. Nyuma yao Pete ilizimia kwa mshindo uliozitikisa kuta. Waokoaji waliwakuta karibu na kiungo cha kumi, Sekela akiendelea kumburuta na kumtukana.

Mzee hakufa. Ubongo ulikosa hewa kwa dakika tatu hivi, madaktari walisema, na sehemu inayopokea picha za macho iliumia. Macho yenyewe yalikuwa mazima. Ila haoni, na hataona tena.

Gwamaka alikesha naye. Mama mkwe alilia, akamuuliza Sekela kama ni kweli kwamba alimshika baba mkwe wake kwa mikono na kumwita kwa jina. Sekela alisema ndiyo. Mama mkwe akaingia jikoni, na tangu hapo akawa anamwandalia chakula bila kumwambia neno.

Siku ya Alhamisi Chaula alimwita Sekela ofisini. Jiji lilikuwa gizani siku ya tatu, simu hazikatiki, na wakubwa walitaka Pete ijazwe Ijumaa saa sita mchana.

"Kiungo cha kumi na nne tumekata, tumeunga kipya," alisema. "Vingine ni vizima. Vipimajoto vyako mwenyewe vinasema, miaka sita, havijapanda hata siku moja."

"Si vyangu. Nilichofunga mimi ni kimoja tu, na ndicho kilichopiga kelele. Vingine vyote alivifunga yeye. Leo asubuhi nimefungua kiungo cha tisa. Kipimajoto kiko umbali wa mkono mzima kutoka kwenye kiungo, Chaula. Kinapima baridi ya naitrojeni. Hakipimi kiungo."

Chaula alishika kichwa. "Nikifungua viungo vyote arobaini, ni miezi minne. Nipe namba za vibovu, nitavifungua hivyo. Bila namba nawasha kesho, na mafundi wanaingia zamu kama kawaida."

Kwa hiyo Sekela alikwenda hospitali. Gwamaka alikuwa ametoka kununua sabuni na ndizi. Mzee alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, uso umeelekea mlango asiouona.

"Nesi, funga hilo dirisha. Baridi inaingia."

Sekela alilifunga.

"Wewe mpya? Wenzako wote wanapiga domo."

"Mpya, mzee."

"Wa wapi?"

"Tukuyu."

Mzee akatabasamu. Sekela hakuwahi kuliona tabasamu hilo. Lilikuwa sawasawa na la Gwamaka, na lilimkasirisha. "Basi wewe ni mtu wetu. Kaa. Mwanangu atarudi na ndizi, utakula."

Angeweza kuendelea hivyo. Angekaa, angekula ndizi, angemchekesha mzee na kumvuta ulimi kidogo kidogo. Lakini hasira ya miaka sita haikumpa nafasi.

"Nimefungua kiungo cha tisa. Vipimajoto ulivifunga mbali na viungo," alisema. "Ni viungo gani ulivyokuwa unavificha?"

Tabasamu likakauka. Mzee aliinamisha kichwa upande, akaipima ile sauti mpaka akajua ni nani aliyesimama mbele yake. Akageuka akatazama ukuta, yeye asiyeona, akavuta shuka mpaka masikioni.

"Mjumbe yuko wapi?"

"Hayupo. Hakuna umeme. Tupo wawili tu."

"Toka."

"Sitoki."

"Uliuvuta mlango ule."

"Na wewe uliuvuta. Kesho saa sita wanajaza Pete, watu ishirini na watatu wataingia mle ndani. Nipe namba."

Mzee aliusogelea ukuta. Alizungumza nao, kwa sauti ndogo yenye ghadhabu.

"Walinipa wiki kumi. Viungo arobaini kwa wiki kumi! Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka ule. Nilikuwa naushikilia mkono mmoja kwa mwingine. Ningesema, wangeleta mashine iunge, na mimi wangenipa ufagio. Kwa hiyo nilisubiri. Nilisema atakayeona, nitamwambia ukweli." Alipumua kwa shida. "Akaona nani? Mke wa mwanangu. Kati ya watu wote wa nchi hii. Taarifa zako nilizisoma, kama unataka kujua. Zote. Zilikuwa nzuri, na nilikuchukia kwa kila moja."

Sekela alikunja ngumi. Alitaka kumpiga, alitaka kulia, na hakutaka mzee amwone akifanya lolote kati ya hayo, ingawa hangeona. "Sikuja kuombwa radhi."

"Wala siombi."

"Basi usiseme nami. Desturi si inakukataza? Uambie ukuta. Mimi nitaandika."

Alivuta kiti, akakaa nyuma ya mgongo wake, akatoa kalamu. Nje watu walikuwa wanapanga foleni ya maji, maana pampu za jiji nazo zilisimama. Mzee aligusa ukuta kwa vidole, kidole kimoja kikitetemeka kuliko vingine.

"Cha tatu," alisema.

Sekela aliandika.

"Cha tano. Cha tisa umeshakiona. Cha kumi na moja." Alihamisha kidole ukutani. "Cha kumi na mbili. Cha kumi na tatu."

Sekela alidhani zitakuwa nne au tano. Aligeuza karatasi. Mzee aliendelea bila kukosea na bila kusita, akizisoma kutoka kichwani alikokuwa amezibeba miaka kumi na moja, na alipofika cha thelathini na nane alikuwa hajasimama.